Kigoda Kutokana na Masalia ya Mbao

Mwanafunzi mmoja wa darasa la sita aliomba vipande vya mbao vilivyotupwa nyuma ya karakana ya seremala, akavitengenezea kigoda cha bibi yake. Kazi hiyo aliifanya kwa Jumamosi mbili, baada ya kumaliza kuteka maji. Alipima vizuri, akakata kwa uangalifu, akapigilia misumari bila kuipinda. Bibi alikipokea kigoda kwa furaha, akakiweka karibu na mafiga. Siku ya nne, alipokuwa ameinama kukoroga uji, mguu mmoja wa kigoda ulipasuka kwa mstari uliolala, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Bibi akaanguka. Kwa bahati chungu hakikupinduka, lakini kiwiko chake kilivimba kwa muda wa wiki mbili.

Kigoda kilipochunguzwa, ubao haukuonekana kuwa umeoza wala kuliwa na mchwa. Hakuna hata msumari mmoja uliong'oka. Kwa nini basi mguu ulipasuka? Katika somo hili tutatafuta jibu la swali hilo. Kisha tutatengeneza kigoda kingine, ambacho mtu mzima anaweza kukikalia bila hofu.

NYUZI ZA UBAO

Mti unapokuwa hai, maji hupanda kutoka mizizini hadi kwenye majani. Maji hayo hupita katika mirija myembamba sana iliyomo ndani ya shina. Pamoja na mirija hiyo kuna nyuzi ngumu zinazoupa mti nguvu ya kusimama. Karibu mirija na nyuzi zote huelekea juu, kufuata urefu wa shina. Mti ukikatwa na kupasuliwa mbao, nyuzi hizo hubaki mahali pake.

Chukua kipande cha ubao ukitazame kwenye mwanga. Katika uso wake utaona mistari inayokwenda upande mmoja. Hiyo ndiyo njia ya nyuzi. Sasa tazama kichwa cha ubao, yaani pale msumeno ulipozikata nyuzi. Ukiwa na ubao wa mninga au mvule, utaona vitundu vidogo vingi. Hivyo ni vinywa vya ile mirija. Katika ubao wa msonobari hutaona vitundu kama hivyo, kwa sababu njia zake za maji ni nyembamba mno.

Fikiri juu ya ufagio wa chelewa uliofungwa kwa kamba. Kuuvunja ufagio mzima katikati ni kazi ngumu, kwa kuwa inakubidi uzivunje chelewa zote kwa mara moja. Lakini kuzitenganisha chelewa hakuhitaji nguvu nyingi. Fungua kamba tu, nazo zitaachana. Ubao umejengwa kwa namna inayofanana na hiyo. Kilichozishika nyuzi zake pamoja ni gundi ya asili ya mti. Gundi hiyo ni imara, lakini haikaribii nguvu ya nyuzi zenyewe.

Jaribio la 1: Ubao una nguvu upande gani?

Tafuta kipande cha ubao mkavu wa msonobari chenye upana wa sentimita 15 au zaidi. Mwombe mwalimu wako akusaidie kukata vijiti viwili bapa kutoka katika kipande hicho. Kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita 15, upana wa sentimita 2 na unene wa nusu sentimita. Katika kijiti A nyuzi zifuate urefu. Katika kijiti B nyuzi zifuate upana.

Panga matofali mawili yaliyosimama, ukiacha nafasi ya sentimita 12 kati yake. Laza kijiti B juu ya nafasi hiyo. Tundika katikati ya kijiti kopo tupu la rangi linaloingia katika nafasi hiyo kwa kamba, likiwa juu ya ardhi kwa upana wa vidole viwili tu, ili likianguka lisimwumize mtu. Tia mchanga ndani ya kopo, kikombe kimoja kimoja, mpaka kijiti kivunjike. Andika umetia vikombe vingapi. Rudia jaribio kwa kutumia kijiti A.

Umeona nini? Kijiti B kilivunjika baada ya vikombe vichache. Kijiti A huenda hakikuvunjika hata kopo lilipojaa. Vijiti hivi vilitoka katika ubao mmoja, na vipimo vyake ni sawa. Tofauti yake ni njia ya nyuzi peke yake.

Tazama pia jinsi kijiti B kilivyovunjika. Nyuzi hazikukatika, ziliachana tu, na pale palipoachana pameonekana pamenyooka na safi. Ukimvunjia mtu kijiti A kwa mikono, utaona pale palipovunjika pana machane marefu, kwa sababu nyuzi zenyewe zimekatika.

Sasa tunaweza kukirudia kile kigoda. Mwanafunzi alikuwa na kipande kirefu chembamba. Ili kupata miguu kwa urahisi alikikata katika vipande vifupi, akavisimamisha kwa namna iliyomfaa kwa vipimo. Kwa hiyo nyuzi za miguu zililala, badala ya kusimama kama zilivyosimama mtini. Bibi alipokaa wima, uzito wake uliushindilia mguu kwenda chini, nao ukastahimili. Alipoinama mbele kukoroga uji, uzito uliusukuma mguu upande. Nyuzi zikaachana kama katika kijiti B.

UBAO NA MAJI

Je, nyumbani kwenu upo mlango unaosugua fremu wakati wa masika, na wakati wa kiangazi ukafunguka bila taabu? Watu wengine hudhani ukuta umesogea. Kilichobadilika ni mlango. Ubao ulio mkavu hunywa unyevu kutoka hewani, nao hutanuka. Hewa ikikauka, ubao hutoa maji na kunywea. Hali hiyo haimaliziki baada ya mti kukatwa. Huendelea miaka yote ambayo ubao utatumika.

Jaribio la 2: Ubao hutanuka upande gani?

Kata kipande cha ubao mkavu chenye urefu wa sentimita 10 na upana wa sentimita 10. Piga mstari wa penseli kufuata nyuzi, na mwingine kukata nyuzi. Pima mistari yote miwili kwa rula na uandike vipimo katika daftari lako. Zamisha kipande ndani ya ndoo ya maji, ukiweka jiwe juu yake ili kisielee. Baada ya siku mbili kitoe, ukipanguse na upime tena.

Mstari unaofuata nyuzi utakuwa na urefu ule ule wa awali. Mstari unaokata nyuzi utakuwa umeongezeka milimita mbili hivi, au zaidi. Kianike kipande hicho kivulini kwa muda wa wiki moja na ukipime kwa mara ya tatu.

Mafundi wa mbao wamelipima jambo hili kwa vyombo vyenye usahihi. Ubao mbichi ukikaushwa kabisa, urefu wake hupungua kwa kiasi cha sehemu 1 au 2 tu katika kila 1,000. Upana wake huweza kupungua sehemu 4 hadi 8 katika kila 100, kutegemea aina ya mti na jinsi gogo lilivyopasuliwa. Mninga husifiwa na maseremala kwa kuwa hunywea kidogo. Mkaratusi hunywea sana, na ukikaushwa kwa haraka juani hupasuka na kupinda.

Wakulima wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Jembe likilegea katika mpini wakati wa kiangazi, mkulima hulitumbukiza majini usiku mmoja. Asubuhi mpini umetanuka na jembe limekaza. Lakini dawa hiyo haidumu. Mbao iliyotanuka ndani ya chuma hujibana yenyewe na nyuzi zake kupondeka. Ikikauka tena huwa nyembamba kuliko mwanzo. Ni afadhali kupiga kabari.

Kutokana na jaribio hili tumepata masharti mawili ya kazi yetu. Kwanza, tutumie mbao zilizokauka. Pili, tusiubane ubao kwa misumari pande zote mbili za upana wake, kwa maana utakapotaka kutanuka au kunywea na kukosa nafasi, utapasuka.

KUCHAGUA MASALIA

Masalia ya mbao hupatikana kwenye karakana za useremala, mahali panapojengwa nyumba, na kwenye maghala. Yaombe, usiyachukue bila ruhusa, hata kama yanaonekana yametupwa. Pengine mwenyewe ameyaweka kwa ajili ya kuni.

Mbao za msonobari ndizo rahisi kupatikana. Nchini Tanzania nyingi hutoka katika mashamba ya miti ya Nyanda za Juu Kusini, mathalani shamba la Sao Hill wilayani Mufindi. Ni nyepesi, na msumeno na msumari huingia bila shida, kwa hiyo zinamfaa mwanafunzi. Mninga na mvule ni mbao bora zaidi, lakini unga wa mvule huwasha pua na ngozi za baadhi ya watu. Ukiukata, fanya kazi nje na ujifunge kitambaa puani. Mpingo uache. Ni mzito hata huzama majini, na utaharibu msumeno kabla ya kukata kipande kimoja.

Mbao zilizotumika kumiminia zege hufaa, ila zina misumari iliyojificha na saruji iliyogandamana. Zikwangue kwanza na uzipapase kwa jiwe la sumaku au kwa macho makini. Msumari mmoja uliofichika hung'oa meno ya msumeno.

Chaga za mbao zinazobebea mizigo melini na maghalani zahitaji uangalifu zaidi. Kwa taratibu za kimataifa, chaga zinazovuka mipaka ya nchi hupigwa mhuri. Tafuta herufi kwenye mhuri huo. Herufi HT zina maana kuwa mbao zilipashwa joto ili kuua wadudu, mpaka kiini chake kikafikia nyuzijoto 56 kwa muda wa dakika 30. Mbao hizo unaweza kuzitumia. Herufi MB zina maana kuwa mbao zilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu. Hizo usizifanyie kazi. Chaga isiyo na mhuri, au iliyolowa mafuta na kemikali zisizojulikana, nayo iache.

Vipande vya nguzo za umeme na mbao zenye rangi ya kijani iliyopenya ndani vimetiwa dawa kali ya kuzuia mchwa. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Usitengenezee vyombo vya jikoni mbao za namna hiyo, wala usizitumie kama kuni, kwa kuwa sumu hubaki katika moshi na majivu. Hapa wengi hukosea: kipande kinachokataliwa na seremala hupelekwa jikoni, kana kwamba moto husafisha kila kitu.

KUTENGENEZA KIGODA

Vifaa utakavyohitaji ni msumeno, nyundo, rula, penseli, msasa, na misumari 14 ya inchi mbili na nusu. Mbao zote ziwe na unene wa inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu. Utahitaji vibao sita:

Vibao viwili vya kikalio: urefu sentimita 30, upana sentimita 13.
Vibao viwili vya miguu: urefu sentimita 22, upana sentimita 20.
Vibao viwili vya ubavuni: urefu sentimita 30, upana sentimita 6.

Katika vibao vyote sita, nyuzi zifuate urefu. Kabla ya kukata, chora mshale wa penseli juu ya kila kibao kuonyesha njia ya nyuzi, kisha mwonyeshe mwalimu wako. Vibao vya miguu ndivyo vitakavyokupotosha, kwa sababu urefu na upana wake unakaribiana. Mishale ya miguu itasimama kutoka sakafuni kwenda juu.

Ili mistari yako ya kukatia iwe na pembe mraba, kunja karatasi mara moja ili upate ukingo ulionyooka. Kisha ikunje tena, ukilaza nusu moja ya ukingo huo juu ya nusu ya pili. Kona uliyoipata ni pembe mraba kamili. Unapokata, pitisha msumeno upande wa mstari utakaotupwa, kwa sababu msumeno wenyewe hula milimita mbili au tatu za ubao. Kanyaga ubao kwa goti juu ya benchi, na weka vidole mbali na njia ya msumeno.

Chini ya kila kibao cha mguu, katikati, kata pengo la pembetatu lenye kimo cha sentimita 6. Kigoda kitasimama kwa nchi nne ndogo badala ya kulalia ukingo mzima. Hata hivyo, sakafu isiyo sawa itakifanya kigoda cha miguu minne kichezecheze. Kigoda cha miguu mitatu hakichezi popote, kwa kuwa nchi tatu hupata daima uso mmoja wa kutulia. Ndiyo maana vigoda vingi vya zamani, vilivyochongwa kutoka katika gogo moja, vilikuwa na miguu mitatu. Na mafiga ni matatu kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa simamisha vibao viwili vya miguu, vikitazamana. Laza kibao cha ubavuni juu ya kingo za miguu, sawa na ncha zake za juu, kikitokeza sentimita 3 kila upande. Kipigilie kwa misumari miwili katika kila mguu. Geuza, na upigilie kibao cha ubavuni cha pili.

Hapa tusimame kidogo tufikiri juu ya msumari. Msumari ukipenya kwa kukata nyuzi, nyuzi hubonyea pembeni na kuubana kwa nguvu. Msumari ukiingia katika kichwa cha ubao, hupita katikati ya nyuzi kama kisu kati ya chelewa, nao hushika kidogo sana. Katika kigoda chetu misumari ya ubavuni huingia katika kingo za miguu, ikikata nyuzi. Hiyo ndiyo sababu ya kuviweka vibao hivyo nje, badala ya kupachika kibao kimoja kati ya miguu. Misumari miwili ya mguu mmoja isiwe katika mstari mmoja wa nyuzi. Usogeze mmoja kidogo, vinginevyo itafanya kazi ya kabari. Kabla ya kuupiga kila msumari, iponde ncha yake kwa nyundo iwe butu. Ncha kali huzitenga nyuzi na kuupasua ubao. Ncha butu huzikata nyuzi na kujifanyia tundu. Jaribu kwanza kwenye kipande kisichofaa, uone mwenyewe.

Maliza kwa kuweka kikalio. Vibao viwili vikae sambamba, vikiachana kwa nusu sentimita. Kila kibao kipigiliwe misumari mitatu kwenye kibao cha ubavuni kilicho chini yake, sentimita 2 kutoka ukingo wa nje. Ukingo wa ndani, ulio karibu na nafasi, uuache ulale juu ya miguu bila msumari. Ukingo huo ndio utakaosogea. Masika ikija nafasi itapungua, kiangazi itapanuka, na hakuna ubao utakaopasuka.

Lainisha kingo zote kwa msasa, ukifuata nyuzi. Ukipata rangi au vanishi kidogo, anza kuipaka kwenye vichwa vya mbao, hasa chini ya miguu, kwa kuwa maji huingia huko kwa haraka zaidi kuliko katika uso.

KUKIJARIBU

Kigoda kisikaliwe na mtu kabla ya kujaribiwa. Weka juu yake gunia lenye mchanga wenye uzito wa mtu mzima, ukiliweka taratibu. Liache kwa usiku mmoja. Asubuhi, likiwa bado juu ya kigoda, kisukume kidogo mbele na nyuma, kisha ubavuni, kama mtu anayeinama kukoroga chungu. Sikiliza. Mlio wa kukatika ni dalili ya nyuzi zinazoachana, na mguwito wa msumari ni dalili kuwa haukushika. Ondoa gunia ukague kila kiungo. Ukiona ufa katika mguu, usiuzibe kwa gundi na rangi. Ng'oa mguu huo ukate mwingine.

MASWALI

1. Chora kigoda chako kikitazamwa kutoka mbele. Onyesha kwa mishale njia ya nyuzi katika kila kibao.

2. Kwa nini msumari uliopigwa katika kichwa cha ubao hung'oka kwa urahisi?

3. Fundi wa Tanga alitengeneza meza kwa vibao vilivyobanana bila nafasi, akaipeleka Dodoma. Baada ya miezi michache nyufa zilionekana kati ya vibao. Eleza kilichotokea. Je, meza iliyotengenezwa Dodoma na kupelekwa Tanga ingepatwa na nini?

4. Umepewa vipande viwili vya chaga. Kimoja kina herufi HT, cha pili kina herufi MB. Utakitumia kipi kutengenezea kibao cha kukatia mboga, na kwa sababu gani?

5. Chunguza mpini wa jembe, mwiko na mchi wa nyumbani kwenu. Nyuzi zinakwenda upande gani katika kila kimoja? Je, umeona chombo ambacho nyuzi zake zinakata urefu wake? Kilete darasani.